Datsun 240Z ya gia nne: nibadilishe giaboksi ipi?

Msomaji anauliza:

"Shikamoo fundi. Nimelelewa Mombasa, sasa naishi Houston. Nimenunua Datsun 240Z ya 1972, kwa sababu marehemu baba alikuwa hachoki kutusimulia zile Datsun za Safari Rally. Injini ni L24 yake ya asili na iko salama. Shida ni giaboksi ya gia nne. Gia ya pili inasaga nikiipanga haraka, na kwenye barabara kuu, nikifika maili 70 kwa saa, injini inalia hadi mimi na mke wangu hatusikilizani. Wenye magari haya huku kila mtu ananishauri lake: gia tano ya 280ZX, T5 ya turbo, hata gia sita ya 350Z. Mbio sitaki, nataka gari la kusafiria. Nichukue ipi, na nianzie wapi?"

Marahaba, kaka. Nikupe jibu kwanza, sababu zifuate. Tafuta gia tano iliyotoka kwenye 280ZX ya 1981 hadi 1983 isiyo na turbo, uifunge pamoja na difu ya 3.9, yaani ile ambayo propela inazunguka mara 3.9 tairi zikizunguka mara moja. Kama hutaki kugusa difu, tafuta gia tano ya 280Z ya 1977 au 1978 na ubaki na difu uliyo nayo. Hizo nyingine ulizoambiwa ni giaboksi nzuri sana, lakini zina magari yake na kazi zake.

Ila usinunue chochote kabla hujajua giaboksi yako inaumwa nini. Nimeona giaboksi nyingi zikishushwa chini kumbe kosa lilikuwa la klachi. Fanya hivi: gari limesimama, injini ina moto na inazunguka polepole, kanyaga klachi hadi mwisho, subiri sekunde chache, kisha ingiza rivasi. Rivasi ya giaboksi hizi haina sinkronaiza, kile kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, kwa hiyo haiwezi kukuficha kitu. Ikiingia kimya, klachi inaachia vizuri. Ikisaga, klachi haiachii. Hapo angalia masta silinda iliyo juu, silinda ndogo iliyo ubavuni mwa giaboksi, na mpira unaoziunganisha. Mpira wa miaka mingi huvimba ukikanyaga, na nguvu ya mguu wako huishia humo. Vitu hivyo vitatu ni bei ndogo, na gari la umri huu linavihitaji hata kama giaboksi ni nzima.

Rivasi ikiingia kimya na inayosaga ni ya pili peke yake, basi ni pete ya shaba ya sinkronaiza ya gia ya pili imeisha. Huo ni ugonjwa wa kawaida kwa gari lililopita mikono mingi. Mwaga oili ikiwa ya moto kwenye beseni safi, uitazame juani. Vumbi laini linalong'aa rangi ya dhahabu ni pete zinalika. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno au beringi, na hapo giaboksi inahitaji kufunguliwa yote. Sikiliza pia gari likiwa nyutro: kama kuna mngurumo ambao unapotea ukikanyaga klachi, beringi za mbele zimechoka.

Kelele ya barabara kuu ni jambo jingine kabisa, na si ubovu. 240Z zilizouzwa Marekani zilikuja na gia nne, ya nne ikiwa moja kwa moja, na difu ya 3.364. Kwa tairi za 195/70 za inchi 14, maili 70 kwa saa ni karibu mizunguko 3,200 kwa dakika. Ukiitengeneza giaboksi yako ikawa mpya kabisa, kelele hiyo itabaki vilevile. Kwa hiyo una matatizo mawili, na ni gia ya tano tu inayoweza kuondoa la pili.

Sasa tufike penye uzito wa swali lako. Watu huzungumzia giaboksi kama kitu kinachojitegemea. Barabara haijui giaboksi, inajua giaboksi mara difu. Ukichukua giaboksi bila kufanya hesabu ya difu, unaweza kutumia fedha nyingi ukapata gari zito kuondoka kuliko lile ulilokuwa nalo.

Tuanze na ulichonacho. Giaboksi ya gia nne ya gari lako, kama ni ile ya aina B (aina zake nitazieleza mbele), ina gia ya kwanza ya 3.592, yaani injini mara 3.592 propela mara moja, ya pili 2.246, ya tatu 1.415, ya nne 1.000. Kwanza mara difu, yaani 3.592 mara 3.364, ni kama 12.1. Ishike namba hiyo, ndiyo inayofanya gari lako liondoke kwenye mlima bila kunung'unika.

Giaboksi ya 280ZX ya 1981 hadi 1983 ina 3.062, 1.858, 1.308, 1.000 na ya tano 0.745. Ukiifunga na difu yako ya sasa, kwanza inashuka hadi 10.3. Utaisikia siku ya kwanza kwenye foleni: utalazimika kuichezesha klachi kila unapoondoka, na klachi itakwisha kabla ya wakati. Na ya tano itakuwa ndefu mno. Kwa maili 70 injini itazunguka chini kidogo ya 2,400, na L24 haina nguvu ya kutosha huko chini. Kila kilima kidogo utarudi ya nne, na hapo gia ya tano imekuwa pambo.

Weka sasa difu ya 3.9. Kwanza inarudi 11.9, karibu sawa kabisa na uliyozoea. Ya tano kwa maili 70 inakuwa kama mizunguko 2,770. Umepunguza zaidi ya mizunguko 400 kila dakika, na injini bado iko mahali inapopumua. Hili si jambo la kubuni kwangu. 240Z zilizouzwa Uingereza zilitoka na gia tano na difu ya 3.9. Waliolisanifu gari waliona vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja.

Giaboksi ya 280Z ya 1977 na 1978 ni tofauti, ingawa kwa nje utaiona kama ndugu yake. Ina 3.321, 2.077, 1.308, 1.000 na ya tano 0.864. Tazama kinachotokea ukiifunga na difu yako ya 3.364: ya tano mara difu inatoa 2.906. Na 0.745 mara 3.9 ni 2.906 pia. Kwenye barabara kuu hutaona tofauti hata kidogo. Kwanza yake inakuwa 11.2, nzito kidogo kuliko ya sasa lakini inavumilika kwa gari jepesi kama hili. Ndiyo maana nasema ni njia nzuri kwa asiyetaka kugusa difu.

Tofauti yenyewe iko katikati, kati ya ya pili na ya tatu. Vuta gia ya pili hadi mizunguko 6,000 kisha panga ya tatu. Kwa giaboksi ya 280Z injini inaanguka hadi karibu 3,780, vilevile kama inavyoanguka leo kwenye gia nne yako. Kwa ile ya 280ZX inaanguka hadi 4,220 tu. Injini yako, kwa takwimu za kiwanda, inatoa msukumo wake mkubwa kwenye mizunguko 4,400. Kwa hiyo kila ukipanga ya tatu unatua pale inapopenda kufanya kazi, na barabara ya kona inakuwa raha. Hapo ndipo nguvu farasi 151 za L24 zinapoanza kuonekana kama ni zaidi. Mimi ningeitafuta hiyo, hata ikinibidi kusubiri miezi.

Difu ya 3.9 utaipata wapi? Difu yako ni R180. Subaru Impreza WRX STI za kwanza kuuzwa Marekani, kuanzia 2004, zina difu ya nyuma ya familia hiyohiyo ya R180 yenye 3.9, tena inayozuia tairi moja kuteleza peke yake. Inaingia 240Z kwa kuhamisha kifuniko cha nyuma na kutafuta ekseli fupi za pembeni zilizochongwa kwa kazi hiyo. Njia ya pili ni R200, kubwa na nzito zaidi, iliyotumika kwenye 280Z, 280ZX na 300ZX, lakini itakulazimu uchukue na vishikizo vya 280Z vya mbele na nyuma, uhakikishe flenji zinalingana na ekseli zako, na upime propela upya. Usimwamini muuzaji anayekutajia uwiano kwa mdomo. Fungua kifuniko uhesabu meno: 39 kwa 10 ni 3.9, 37 kwa 10 ni 3.7, 39 kwa 11 ni 3.545, na 37 kwa 11 ni hiyo 3.364 yako. Ukipata 3.7 kwa bei nzuri usiikatae. Kwanza itakuwa 11.3, na barabara kuu itatulia zaidi.

Nipitie haraka hizo nyingine. T5 ya Borg-Warner ilifungwa kwenye 280ZX Turbo za 1982 na 1983. Inapokea injini ya L bila shida na inabeba nguvu nyingi, lakini inataka propela ya kurekebishwa, na hupangi gia kwa wepesi ule wa giaboksi za Nissan za wakati huo. Ni ya mtu mwenye turbo. Ile ya gia sita ya 350Z kwa hesabu inakubali: kwanza ni 3.794, ya sita 0.794, na kwa difu yako ya asili ingekaa vizuri tu barabarani. Lakini kuifunga kunataka bamba la kuiunganisha na L24, propela ya kutengenezwa, na kukata bati la mgongo wa sakafu. Bati la 240Z likishakatwa halirudi. Kwa mwenye injini ya nguvu 300 ningemwambia akate. Wewe una L24 nzima, acha bati hilo lilivyo. Kuna pia giaboksi ya 240SX, ambayo ni kizazi cha baadaye cha hiyohiyo ya 280ZX. Ni imara, ila lazima uhamishie kasha la mbele la giaboksi ya injini ya L na upate mchongaji mwenye mkono mzuri. Iweke akiba, siku ambayo zile za ZX zitakuwa hazipatikani tena.

Ukienda kuchagua giaboksi kwenye yadi ya magari chakavu, usisome karatasi iliyobandikwa juu yake. Giaboksi hizi zimehamishwa kutoka gari hadi gari kwa zaidi ya miaka 40. Chukua chaki. Weka alama kwenye shafti ya mbele na nyingine kwenye shafti ya nyuma, ingiza gia ya tano, kisha zungusha shafti ya mbele mara 10 huku mwenzako akihesabu nyuma. Ikizunguka mara 13 na karibu nusu, hiyo ni ya 0.745. Ikizunguka 11 na nusu tu, ni ya 0.864. Dakika mbili zinatosha, na muuzaji hana la kubisha. Ukiwa bado hapo, ingiza gia moja baada ya nyingine, rivasi nayo, usikilize kama kuna mkwaruzo. Shika shafti ya mbele uitikise juu na chini: mtikisiko mdogo ni kawaida, ikicheza sana beringi imekwisha. Fungua bolti ya chini uone oili. Giaboksi isiyo na oili kabisa iache hata kama ni bei ya bure, kwa sababu gia ya tano na rivasi ziko kwenye mkia, nyuma ya bamba la katikati, na ninapofungua iliyokauka nakuta huko ndiko kulikoungua.

Na hata ukipata nzuri, mimi nisingeifunga bila kuifungua. Pete za sinkronaiza, beringi na sili zote zibadilishwe ikiwa mezani. Kazi ya kuishusha tena kwa ajili ya sili moja ya mbele inauma, nawe utakuwa unalala chali chini ya gari kwenye joto la Houston.

Sasa yale yanayowakwamisha watu wakati wa kufunga. La kwanza ni kujua gari lako lina giaboksi ya aina gani, kwa sababu 1972 ni karibu na mpaka. Aina A, ya magari ya mwanzo, ina kasha la mbele linalofunguka peke yake. Aina B, kasha la mbele na mwili wa giaboksi ni kitu kimoja. Kama yako ni B, una bahati, gia tano za 280Z na 280ZX ni za ukoo huohuo, zinaingia mahali palepale, na propela yako inatumika. Kama ni A, jiandae kubadilisha na kishikizo cha nyuma na mkono wa gia.

Mkono wa gia wa 280ZX unaweza kugonga ukingo wa tundu la sakafu ukiingiza gia za nyuma. Tumia mkono wa 240Z wa aina B, uweke bushi mpya. Bushi hizo ndogo zikichakaa mkono unalegea kama kijiko kwenye kikombe, na mwenye gari hudhani giaboksi imekufa.

La pili ndilo ninaloomba ulishike kuliko yote. Ndani ya kasha la mbele kuna koleo la klachi, na kwenye koleo kuna kikombe cha chuma kinachobeba rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie. Vikombe hivi vina urefu tofauti, kwa sababu presha pleti, yaani sahani zinazobana klachi, za magari haya zina kimo tofauti: ya 240Z siyo ya 280Z 2+2 (ile ya viti vinne), na siyo ya ZX. Kikombe kinafuata presha pleti, hakifuati giaboksi. Giaboksi ya ZX itakuja na kikombe chake ndani, na mtu asiyejua atakiacha humohumo akafunga presha pleti ya 240Z. Kikiwa kifupi, pedali itakwenda hadi chini na klachi haitaachia. Kikiwa kirefu, klachi itateleza siku zote. Vyote viwili vinakulazimisha kushusha giaboksi tena. Ukiagiza klachi mpya, toa kikombe chako cha zamani ulichokuwa unatumia na presha pleti ya aina hiyohiyo, uviweke mezani kando kwa kando, upime kwa kalipa kabla hujafunga bolti hata moja.

Wakati injini iko wazi nyuma, badilisha sili kubwa ya krenki na ile bushi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi katikati ya flaiwili. Ni vitu vya bei ndogo vilivyofichwa mahali pagumu.

Spidomita nayo inafuata difu. Ukihama kutoka 3.364 kwenda 3.9 bila kubadilisha pinioni ndogo ya plastiki kwenye mkia wa giaboksi, sindano itasoma asilimia 16 zaidi: ukiwa kwenye maili 60 itakuonyesha karibu 70. Pinioni zipo za idadi tofauti za meno kwa kila difu, agiza inayolingana na difu, kisha ihakikishe kwa simu yenye GPS.

Oili: chukua 75W-90 iliyoandikwa GL-4. Isiwe GL-5 peke yake. GL-5 ni nzuri kwa difu, iweke huko. Kwenye giaboksi ina utelezi mno kwa sinkronaiza, kwa sababu pete ile hufanya kazi kwa kusuguana na koni ya gia ili kuipunguza mwendo, na baadhi ya dawa zilizomo hula shaba. Kama aliyekuwa na gari kabla yako aliweka GL-5, inawezekana hata hiyo pili yako inasaga kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya wiki hii, baada ya kupima klachi kwa rivasi, ni kumwaga oili iliyopo na kuweka GL-4 mpya, gari likiwa limelala sawa, mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kujazia. Liendeshe wiki kadhaa uone. Sikuahidi kuwa itapona, lakini nimeona zikitulia, na utakuwa umepata muda wa kutafuta giaboksi na difu bila haraka.

Datsun za baba yako zilishinda Safari mwaka 1971 na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Usitafute gia za rally kwa ajili ya kumbukumbu hizo. Gia za mashindano hukaribiana ili injini isishuke kutoka mizunguko ya juu, na zingekurudishia kelele ileile unayoikimbia.

Gia nne yako usiiuze. 240Z zenye vitu vyake vya asili zinazidi kutafutwa, na atakayelinunua gari lako siku moja atauliza giaboksi iko wapi. Isafishe, ijaze oili, ziba matundu yake yote, weka na mkono wake, kishikizo chake, kikombe chake cha klachi na pinioni yake ya spidomita kwenye sanduku moja, na uandike namba ya chesi juu yake. Kisha niandikie ukishahesabu yale mazungusho ya chaki na meno ya difu, nikuambie kama vimeelewana kabla hujalipa.